"Borrow" na "lend": nani anatoa, nani anapokea?

"Can you borrow me your pen?" Nililisema kosa hili mwenyewe shuleni, na si ajabu. Kiswahili kinatumia "azima" pande zote mbili: "nimeazima kalamu" maana yake nimeipokea, "niazime kalamu" maana yake nipe wewe. Kiambishi cha anayepewa ndicho kinachoonyesha mwelekeo. Kitenzi kinabaki kilekile.

Kiingereza hakina mchezo huo. "Borrow" ni ya anayechukua, na mwenye mali hutanguliwa na "from": "I borrowed a hoe from my neighbour." "Lend" ni ya anayetoa: "She lent me a hoe." (Wakati uliopita ni "lent", "lended" haipo.) Mimi hujipima hivi: kama ningeweza kusema "nipe", basi ni "lend".

Kwenye pesa ndipo Kiswahili kinapokuwa makini kuliko Kiingereza. Jembe unaazima kwa sababu litarudi lilelile. Shilingi elfu kumi unakopa, maana utarudisha noti nyingine. Kiingereza hakijali. Jembe, kitabu, pesa, hata kikombe cha sukari kwa jirani, vyote ni "borrow". Kwa hiyo ukikwama, sahau "azima" kabisa, shika "kopa" kwa "borrow" na "kopesha" kwa "lend". Hapo pande mbili zimeshatenganishwa.

Marekani utasikia pia "he loaned me his car". Kule si kosa. Waingereza wengi watasema "lent".