Kishikwambi changu cha mishono kilivyoacha kuganda

Mimi wepesi wa kishikwambi naupima kwa bobini. Nabonyeza kwenye picha za mishono, nageukia cherehani, naanza kujaza uzi. Mwaka jana bobini ilikuwa inajaa, naitoa, naipachika kwenye kikombe chake, narudi kutazama kioo: kile kiduara bado kinazunguka. Na mteja kasimama mbele yangu na lesi yake mkononi, anatazama mlangoni.

Nashona hapa Ngamiani, Tanga: sare za harusi, madera, mabaibui. Zamani mishono tulikuwa tunaibandika ukutani, mabango yakichakaa unanunua mengine. Siku hizi mteja anataka kuikuza picha kwa vidole aone mkono umekatwaje na zipu imekaa wapi. Ndiyo maana tangu 2017 nina hiki kidude cha inchi kumi: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi kwa wakati huo) GB 2, hifadhi GB 16, sehemu ya laini ipo, na mfumo wake wa Android uliishia 8.1, haupandi tena. Kampuni iliyokitengeneza siitaji kwa sababu sina ugomvi nayo. Kingekuwa mtoto saa hizi kingekuwa shuleni, kinajua kuzidisha.

(Kwa wanaouliza, ndiyo, zamani nilikuwa nakiita tableti. Kishikwambi nimelizoea tangu sensa ya 2022, makarani walipopita navyo nyumba kwa nyumba, halafu baadaye vikagawiwa walimu. Jirani yangu mwalimu anacho, na kila akipita dukani anakitazama changu kwa huruma.)

Kosa la kwanza nilifanya mwenyewe. Niliona tangazo la programu yenye picha ya roketi, inasema itasafisha RAM na kuongeza kasi. Nikaiweka. Baada ya wiki nikaweka na nyingine, maana ya kwanza niliona kama haitoshi. Kila nikibonyeza roketi inapaa, inaniambia nimeokoa MB mia sita, nafurahi. Kumbe Android hupanga RAM yenyewe: ikihitaji nafasi inaiondoa programu uliyoiacha muda mrefu. Ukiziua zote kwa mkupuo, nyingi zinajiamsha tena kule nyuma, na kuanza upya kunakula chaji na nguvu kuliko kama ungeziacha zimelala. Ni kama kuweka mtu akumwagie maji jiko la mkaa kila ukigeuka, halafu uanze kupepea upya. Na roketi zenyewe zilikuwa zinaishi humo humo ndani, zinaleta matangazo ya michezo ya kamari mbele ya wateja wangu. Aibu hiyo sitaisahau.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi. Nilikipeleka kwa fundi simu mmoja mjini. Hakuuliza swali hata moja. Alishika kitufe cha kuwashia, cha sauti na cha katikati kwa pamoja, yakatokea maandishi madogo kwenye kioo cheusi, akateremka nayo, akabonyeza. "Tayari mama, tumekirudisha kiwandani." Elfu kumi. Kikawaka kama siku nilipokinunua, kikauliza lugha, kikauliza mtandao, kisha kikataka akaunti ya Google iliyokuwa inatumika humo kabla. Nywila siijui. Akaunti ilifunguliwa dukani siku ile ya kununua, na mimi nilikuwa naitikia tu.

Hicho ni kizuizi cha wizi, kipo tangu Android 5.1: mtu akiiba kifaa na kukifuta kwa vitufe, hakimfai kitu mpaka aingize akaunti ya mwenyewe. Ni kitu kizuri, ila siku hiyo mwizi nilikuwa mimi. Fundi akasema, "Toa elfu ishirini nyingine mama, nikipitishe kwa nyuma." Nikakibeba kama kilivyo.

Nywila niliipata baada ya siku tatu, nyuma ya daftari la vipimo la 2017, imebanwa kati ya kiuno cha mtu na urefu wa mkono wake. Nilikuwa nimeshaijaribu namba ya kiuno kwanza.

Picha zilizokuwa kwenye memori kadi zilisalimika. Zilizokuwa kwenye kifaa chenyewe, za kazi zangu mwenyewe nilizowapiga wateja wamevaa, hazikurudi. Kwa hiyo mtu akikuambia riseti, yaani huko kukirudisha kiwandani, sikatai, riseti inasaidia, lakini hamisha picha kwanza, weka nakala ya WhatsApp kwenye Google Drive, hakikisha unaijua nywila, kisha nenda kwenye Mipangilio uiondoe akaunti na ufute kwa njia hiyo hiyo ya Mipangilio. Vile vitufe vitatu ni vya kifaa kilichokataa kabisa kuwaka.

Na kweli kilikuwa chepesi. Fungate ya wiki sita. Halafu kiduara kikarudi.

Hapo ndipo alipokuja mtoto wa kaka yangu, anasoma Dar, alikuja kwetu Idi. Baada ya shikamoo na biriani akakishika, akaingia Mipangilio, akafungua Hifadhi, akacheka peke yake.

"Shangazi, hiki hakijazeeka. Kimeshiba."

Katika GB 16, mfumo wenyewe umechukua zaidi ya 5. Nafasi iliyobaki MB 310. WhatsApp peke yake GB 6. Nikamwambia haiwezekani, mimi WhatsApp naandikia wateja tu. Akanionyesha makundi: kamati za harusi, vikoba, kicheni pati ya nani, mazishi ya nani yaliyokwisha mwaka juzi lakini kundi bado linatuma "asubuhi njema" yenye waridi linalometameta. Fundi wa sare anaingizwa kwenye kila kamati ili asikie rangi, na harusi ikiisha hakuna anayemtoa. Kila video ya watu wanacheza ikatua kwangu yenyewe. Tena nikimtumia mtu picha ya mshono, WhatsApp inaweka nakala nyingine kwenye faili la vilivyotumwa, na juu ya hapo inahifadhi nakala za mazungumzo za siku kadhaa humo ndani. Mimi natuma mishono kutwa nzima.

Sikuelewa kwa nini kujaa kulete uzito, maana kabati likijaa si linajaa tu? Akanieleza kwa kabati hilo hilo. Hifadhi ya vifaa hivi haiwezi kuandika juu ya kilichokwishaandikwa. Ni lazima ifute kwanza, na inafuta fungu zima kwa pamoja, haichomoi kimoja. Nafasi ikiwepo, inaandika pembeni na kufuta baadaye kwa utulivu. Ikijaa, kila kidogo kinachoingia inabidi ihamishe vilivyomo, ifute fungu, ipange upya. Hiyo naijua. Ndiyo kabati langu la vitenge mwezi wa harusi: kuingiza doti moja natoa kumi, nakunja, narudisha, na mteja anasubiri.

Tukafuta. Ndani ya WhatsApp kuna sehemu ya kudhibiti hifadhi inayopanga makundi kuanzia lililokula zaidi. La kwanza lilikuwa kamati ya harusi ya mtu ambaye sasa ana mtoto anatembea. Tukazima kule kujipakulia kwa picha, sauti na video. Roketi zote mbili, maana nilikuwa nimezirudisha baada ya riseti, nje. Facebook nzito ikatoka, ikaingia Facebook Lite. Zile programu zilizokuja na kifaa ambazo hazifutiki tukazizima. Mandhari ya samaki wanaoogelea nyuma ya kioo nayo ikaondoka, hao niliwasikitikia. Ikabaki nafasi ya GB 5 na kitu. Mpwa wangu anasema usikubali nafasi ishuke chini ya sehemu moja ya kumi, mimi nimejiwekea GB 3.

Kabla ya hapo alikiwasha kwanza kwa hali salama, ambayo programu zote ulizoweka mwenyewe zinalala na zinabaki za mfumo tu. Kikaenda mbio. Ndipo akajua kifaa ni kizima, wenye kosa ni wageni niliowakaribisha. Huo ni mtihani wa dakika tano na hauharibu kitu. Ningeanza nao ningeokoa elfu kumi yangu.

La ajabu zaidi lilikuwa la usiku. Mimi kila jioni nilikuwa nakizima kabisa, kipumzike. Kumbe tangu Android 4.3 ya 2013 kifaa kinafanya usafi wa hifadhi yake kikiwa kimewashwa, hakiguswi na kipo kwenye chaji. Miaka yote nilikuwa nakinyima nafasi ya kufagia. Sasa nakiacha kwenye chaji, kimewaka, kioo kimezimwa, juu ya meza tupu mbali na vitambaa.

Kisha akanifundisha mchezo. Mipangilio, kuhusu kifaa, unatafuta namba ya muundo, unaigonga mara saba. Kinakuambia umekuwa msanidi programu, yaani mtengeneza programu. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi ni fundi cherehani, inatosha." Lakini humo ndani kuna mistari mitatu ya uhuishaji, yaani zile mbwembwe za dirisha kuchomoza na kutelezea pembeni, imewekwa kwenye 1. Tukaishusha yote iwe 0.5. Kusema kweli hakuna nguvu iliyoongezeka, kinachopungua ni muda wa maonyesho. Ila mkono unahisi tofauti palepale, na ni bure. Mengine ya humo tuliyaacha, nami nawashauri muyaache.

Memori kadi nayo ina kisa. Niliinunua mkononi, imeandikwa GB 128, bei ya kutupa. Mwezi wa kwanza safi. Baadaye picha mpya zikawa vibanda vya kijivu, ukigusa hakuna kitu. Kadi za namna hiyo zimechezewa zitangaze ukubwa zisiokuwa nao. Ukweli wake ukijaa, vinavyoingia vinapotea. Mpwa wangu aliipima kwenye kompyuta yake kwa programu inayoitwa H2testw, inayoijaza kadi mpaka mwisho kisha inasoma kama kilichoandikwa kipo. Nusu hakikuwepo. Nikanunua nyingine ya GB 64 dukani, yenye alama ya A1. Hiyo A1 maana yake kadi imeahidi kusoma vipande vidogo vidogo angalau mara 1,500 na kuandika angalau mara 500 kwa sekunde, na kufungua vijipicha mia mbili kwa wakati mmoja ndiyo kazi ya aina hiyo. Mishono yote sasa inakaa humo, na nakala iko kwenye simu ya mpwa wangu.

Joto nalo lina mkono wake. Kaskazi ikivuma, saa nane mchana chini ya bati, hata mkasi unaushika kwa kanga. Prosesa, yaani ubongo wa kifaa, ikipata moto inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue, na mimi nilikuwa nimeivalisha kava nene la ngozi juu. Nimelivua. Mchana kinakaa karibu na feni, na tundu la chaji nalipuliza kila Jumamosi maana nyuzi za vitambaa zinajazana humo kama kwenye meno ya cherehani. Mgongo wake nautazama pia: ukiona umevimba au kioo kinainuka pembeni, hiyo ni betri, acha habari za kasi na usikichaji tena.

Bado si kipya. YouTube inafunguka kwa kujivuta, na ile YouTube Go iliyokuwa nyepesi ilifungwa 2022. Tovuti zenye matangazo mengi hazifai. RAM ni GB 2 na hakuna wa kuiongeza. Kuna kijana aliniambia akiflashi, yaani akiuondoa mfumo uliomo na kuweka LineageOS, mfumo mwingine uliojengwa juu ya Android, nitapata Android mpya. Nimekataa, nimeshaona vitufe vitatu vilinifanya nini. Na kwa kuwa Android hii haipati tena viraka vya usalama, pesa siigusi humo. M-Pesa na benki viko kwenye simu. Humu ni mishono, vipimo na picha za wateja.

Gharama yote, ukiitoa ile elfu kumi ya fundi na kadi bandia, ni ile memori kadi moja. Nilikuwa nimeshaanza kucheza kikoba cha kununua kipya. Hela ile nimenunulia mashine ya kudarizi ya mitumba.

Juzi nimepima tena: bobini haijafika hata robo, mishono imeshafunguka. Tatizo jipya ni wateja. Zamani mtu akishaisubiri picha ya tatu anachoka, anasema nishonee hii hii, tunapima, anaondoka. Juzi amekuja mama wa bibi harusi na dada zake wawili, wametelezesha mishono yote ya kwenye kadi mpaka mwisho, wakarudi mwanzo, adhana ya alasiri ikatukuta tupo pale pale. Wameondoka hawajachagua, wamesema watarudi kesho.