Kusoma Kijapani Japani: ufadhili wa MEXT au kujilipia?

Ufadhili wa MEXT (Wizara ya Elimu ya Japani), unaoombwa kupitia ubalozi wa Japani, hulipa ada, tiketi ya ndege na posho ya kila mwezi. Wa shahada ya kwanza kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa Kijapani. Tatizo ni ushindani, na mtihani wa hesabu hauna huruma.

Shule ya lugha ya kujilipia ina mlango mpana zaidi. Lakini kabla ya viza utahitaji cheti cha ustahiki kutoka uhamiaji wa Japani, na hapo akaunti ya mdhamini hukaguliwa kwelikweli. Kibarua mwisho ni saa 28 kwa wiki, ukiwa na kibali. Kitakununulia chakula, ada usikitegemee.

Mimi ningejaribu MEXT kwanza. Hiragana na katakana, herufi za msingi za Kijapani, zimalize ukiwa bado nyumbani.