Chombo cha kuhifadhia mahindi Malindi: kipi ununue kwanza

Kabla hujauliza bei ya mfuko, pipa wala silo, nunua turubai la kuanikia. Mahindi ya mwaka, yaani ya mvua za masika, huvunwa pepo za kusi zikiwa bado zinavuma na hewa imejaa unyevu, na chombo kisichopitisha hewa hakikaushi nafaka. Unyevu ulioingia nao unabaki humo humo, kuvu inaota, na ukifungua baada ya miezi miwili unakutana na harufu ya uvundo. Kuvu hiyo ndiyo huacha sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Kiwango cha Kenya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Tandaza punje tabaka la sentimita 3 hadi 5, geuza mara kwa mara, na uzikusanye kabla umande haujaanza. Kama huna kipima unyevu, tumia chumvi, lakini chumvi ya huku pwani huwa imeshavuta maji: ikaange kwanza mpaka imwagike kama mchanga mkavu, kisha iache ipoe. Tia punje zilizopoa kwenye chupa kavu ya glasi, zifike theluthi moja, ongeza vijiko vitatu vya chumvi, tikisa vizuri na usubiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye glasi, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda usishangilie bado, anika siku moja au mbili zaidi, kwa sababu kati ya 15 na 13.5 ndipo watu wengi wanapoharibikiwa.

Nafasi ya kwanza: mfuko usiopitisha hewa

Kwa mkulima wa gunia 3 hadi 15, hakuna kinachoushinda. Ule wa tabaka tatu una nailoni mbili nzito ndani na gunia la kawaida nje. Siri yake ni kwamba wadudu waliofungiwa humo wanaimaliza hewa wenyewe, kisha wanakufa. Ukiona fukusi wachache wanatembea siku za mwanzo, usifungue, maana ukifungua unawarudishia pumzi.

Ukaguzi ufanye pale pale kwenye agroveti. Toa nailoni, ijaze hewa, songoa shingo na uibane karibu na shavu. Ukihisi upepo au kusikia mlio, kuna tundu, omba nyingine. Nyumbani, peta mahindi kwanza uondoe vipande vya magunzi, kwa sababu ndivyo vinavyotoboa. Jaza nailoni ya ndani huku ukishindilia, kamua hewa, songoa shingo, ikunje na uifunge kwa mpira wa tyubu. Fanya hivyo kwa ya pili, halafu gunia. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta.

Una adui wawili. Panya huutafuna, na mdudu aitwaye dumuzi anaweza kuutoboa kutoka ndani. Dumuzi hupenda zaidi mahindi yaliyo kwenye magunzi, kwa hiyo usiyaache miezi bila kupukuchua. Mfuko usio na tundu hutumika tena msimu unaofuata.

Nafasi ya pili: pipa la plastiki na mtungi

Ukikaa karibu na bahari, au nyumba yako ina panya wengi, hapa ndipo pa kuweka pesa. Pipa la lita 200 hubeba kama kilo 150 za mahindi, halishiki kutu, na panya hawaliwezi kirahisi. Chagua lenye mfuniko wa pete ya chuma na mpira mzima, usio na nyufa. Pipa lililowahi kubeba dawa au kemikali usilichukue hata likioshwa mara kumi. Lijaze mpaka juu, maana nafasi tupu ni hewa ya wadudu.

Mtungi wa lita 20 uliobeba mafuta ya kupikia, ukioshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa, huhifadhi kilo 15 hivi. Kwa kunde na pojo sisi tunauona bora kuliko mfuko. Utumie pia kuwekea posho ya mwezi, ili pipa kubwa lisifunguliwe kila siku.

Nafasi ya tatu: silo ya bati

Bara kidogo, kule Jilore na Langobaya, kwa mwenye gunia 10 au zaidi tungeipandisha juu. Panya na dumuzi hawaliwezi bati. Lakini bei yake ni kubwa, na upepo wa chumvi wa Gongoni au Ngomeni huanza kula maungio mapema. Mwambie fundi atumie bati la geji 24, lililo nene kuliko la 26. Usiku, washa tochi ndani na uzunguke nje: mwanga ukipenya kwenye mshono, mwambie arudie kulehemu. Iweke chini ya paa, juu ya stuli ya mbao. Jua likiipiga upande mmoja, mvuke hupanda na kuwa matone ya maji chini ya mfuniko, na mahindi ya juu huota kuvu.

Nafasi ya nne: gunia la kawaida na dawa ya unga

Ni rahisi mwanzoni, lakini gunia linapumua, na hewa ya pwani huyarudishia unyevu mahindi uliyoyakausha kwa jasho. Kama ndilo unaloweza sasa, nunua dawa yenye viambato viwili: pirimifosi-methili kwa fukusi, permethrini kwa dumuzi. Kipimo ni gramu 50 kwa gunia la kilo 90. Changanya kwa koleo juu ya turubai mpaka kila punje ipate, umefunika pua na mikono. Nguvu yake hupungua kadiri miezi inavyokwenda, haraka zaidi kwenye joto, kwa hiyo pakiti iliyokaa juani dirishani mwa duka usiichukue. Soma tarehe ya mwisho, na siku za kungoja kabla ya kula.