Kitasa cha mpini wa T kwenye mlango wa gereji: skrubu zake zibadilishe

Nimekifunga kwenye mlango wa chuma wa paneli zinazopanda kwenye reli, unaofunguliwa kwa mkono. Kwenye boksi kuna mpini wenye silinda, funguo mbili, chuma cha mraba cha milimita 8, sahani ya ndani, makomeo mawili marefu na skrubu. Mpini ukizungushwa robo mzunguko, sahani huyachomoa makomeo kwenye reli za pande zote mbili. Ufunguo kazi yake ni kuuzuia mpini usizunguke, basi.

Kama mlango wako una mota, ichomoe kwenye umeme kabla ya kukomea. Mota ikivuta mlango uliokomewa hukunja paneli ya juu, na hiyo hainyooki tena. Springi na kebo zake usiziguse kabisa. Zimebeba uzito wote wa mlango na zikifyatuka zinajeruhi vibaya.

Funga mlango mpaka mpira wa chini ubanwe ndipo upime. Ukipima ukiwa umeinuka kidogo, matundu ya reli yatakuwa juu mno. Mahali pazuri ni katikati ya upana, kwenye mhimili wa wima, mbali na maungio ya paneli. Toboa tundu la milimita 3 kutoka nje hadi ndani, na drili uinyooshe kwa pima maji: paneli ina unene wa sentimita 4, drili ikiinama kidogo ndani unatokea pembeni, na chuma cha mraba kitazunguka kwa kukwaruza. Kisha lipanue kutoka pande zote mbili. Biti kubwa ikisukumwa kutoka nje moja kwa moja huchana bati la ndani. Kingo zipake rangi ya kuzuia kutu palepale, hasa ukiwa pwani.

Skrubu zake sikuzipenda. Zinashika bati jembamba tu, na mtikisiko wa kila siku utazilegeza. Nimeweka bolti za milimita 6 zenye vichwa vya duara nje, ili spana isipate pa kushika, na ndani washa pana na nati za kujikaza.

Komeo liingie kwenye reli angalau milimita 25, na likirudi libaki nje ya reli, mbali nayo kwa milimita 5 au zaidi. Likigusa, mlango utakwama ukipanda. Kata komeo kidogo kidogo, kwa sababu likishakuwa fupi halirefuki. Tundu la reli liwe na nafasi ya milimita 3 juu na chini ya komeo.

Mpini wenyewe ni wa zinki, si chuma, kwa hiyo ukiwa mgumu tafuta komeo linalokwama badala ya kuulazimisha. Silikoni paka juu na ubavuni mwa mpini, chini acha wazi maji yatoke. Ndani ya silinda tia unga wa grafiti. Mafuta hukusanya vumbi na ufunguo huanza kukataa.