Haibridi au fimbo ndefu za chuma: ipi inunuliwe kwanza?

Kanuni za gofu haziruhusu zaidi ya fimbo 14 katika mfuko mmoja, hivyo mchezaji wa Zanzibar anayenunua fimbo za masafa, iwe ni kwa kiwanja cha mashimo 9 cha Mangapwani au kwa safari za Bara, lazima aamue ni ipi inayostahili nafasi hiyo.

Ninaiweka mbele haibridi namba 4, yaani fimbo iliyochanganya umbo la fimbo ya mbao na la fimbo ya chuma. Uzito wa kichwa chake umewekwa chini na nyuma ya uso unaogonga mpira, ndiyo maana mpira huinuka upesi hata kwa mtu asiye na kasi kubwa ya kupiga, kisha hushuka wima na kutulia. Katika majani marefu hupenya kwa urahisi, ilhali kichwa chembamba cha chuma hunaswa shingoni na uso ukageuka. Wala haibridi si ya wanagenzi peke yao: mwaka 2009, katika shimo la mwisho la PGA Championship, moja ya mashindano makuu manne ya gofu, pale Hazeltine, Marekani, Y.E. Yang wa Korea Kusini aliitumia kupeleka mpira karibu kabisa na shimo, akamshinda Tiger Woods.

Ya pili ni haibridi namba 5, ambayo kwa anayeanza, au mzee ambaye nguvu zimepungua, inafaa kutangulia kwa kuwa huinua mpira kwa urahisi zaidi.

Ya tatu ni fimbo ya chuma yenye uwazi ndani, na hapa upepo una neno lake. Kaskazi au kusi ikivuma kwa nguvu, mpira uliopanda juu hurudishwa au huyumbishwa, na anayepiga kwa kasi na usafi atafaidika na fimbo inayoupeleka chini chini. Hii yenye uwazi humpa sehemu kubwa ya faida hiyo bila kumwadhibu vikali akikosea kidogo.

Fimbo ndefu za chuma za jadi, namba 2, 3 na 4, naziweka mwisho. Zinamtii fundi anayetaka kuupinda mpira apendavyo, lakini mafundi hao ni wachache. Zilizofuliwa kwa chuma laini zinahitaji pia kufutwa na kukaushwa kila baada ya mchezo, kwani hewa yetu ya chumvi huleta kutu pale rangi ya kromu ilipokwaruzika.

Msisitizo wangu mkubwa ni huu: mnunuzi asitazame namba, atazame nyuzi za mwinamo wa uso. Haibridi namba 4 huwa na nyuzi 22 hivi, lakini baadhi ya fimbo za chuma namba 5 za siku hizi zina nyuzi hizo hizo, na aliye na fimbo hizo za chuma atakuwa amelipia masafa aliyokwisha kuwa nayo. Aache tofauti ya nyuzi 3 au 4 kati ya fimbo moja na inayofuata. Anayetumia mkono wa kulia na ambaye mipira yake hukimbilia kushoto aijaribu haibridi kabla ya kulipa, kwa sababu nyingi huuvuta mpira upande huo huo.