Mwaka mmoja na FreeBSD: faili la mipangilio nalipata bila kupapasa

Nilihamia FreeBSD, mfumo endeshi wa ukoo wa Unix, kwa sababu ya faili moja. Chama chetu cha kuweka na kukopa kina seva ndogo ambayo wanachama hupakia picha za risiti zao za benki, na wakati huo ilikuwa inaendeshwa na Linux. Picha ndogo zilipita. Picha ya simu yenye megabaiti tatu au nne ilikataliwa. Nginx, programu ya kuhudumia tovuti, ambayo isipoguswa hukataa chochote kinachozidi megabaiti 1, nilishaipanua. Ikabaki PHP, lugha inayoendesha tovuti yetu, ambayo kikomo chake cha kuzaliwa nacho ni megabaiti 2. Nikaandika php --ini kwenye tamino (dirisha la kuandikia amri), ikanitajia faili la mipangilio, nikabadilisha upload_max_filesize kuwa 6M, nikazima huduma na kuiwasha tena. Wapi! Asubuhi mhasibu wetu akanipigia: “Mwanangu, risiti bado zinagoma.”

Nilikesha siku mbili. Jibu nililipata nilipotengeneza ukurasa wenye phpinfo(), amri ya PHP ya kuonyesha mipangilio yake, na kuufungua kwenye kivinjari. Mstari unaotaja faili lililosomwa ulionyesha php.ini iliyo kwenye folda ya fpm, na mimi siku zote hizo nilikuwa nahariri php.ini ya folda ya cli. Jina moja, mafaili mawili: moja la tamino, jingine la tovuti. Mpangilio ule una sababu zake, na anayeujua haumsumbui. Ila mimi kwenye seva sipendi kubahatisha, na niliponunua mashine mpya nikaamua kujaribu mfumo ambao watu huusifia kwa mpangilio.

Kitu cha kwanza nilichosoma ni man hier. Ni ukurasa wa mwongozo unaoeleza mti mzima wa folda, kila moja na kazi yake, na ni wa tangu Unix toleo la 7, mwaka 1979. Linux nayo inao, lakini kwenye FreeBSD niliona mara moja faida yake, kwa sababu kanuni ni moja na inashikwa kweli: kilichokuja na mfumo wenyewe, mipangilio yake iko /etc, ulichoongeza mwenyewe kwa pkg (amri ya kusakinisha vifurushi vya programu), mipangilio yake iko /usr/local/etc. Basi sshd, huduma ya kuingilia kwenye seva ukiwa mbali, ambayo ni ya mfumo, utaikuta /etc/ssh/sshd_config. Nginx ni ya kuongeza, kwa hiyo ni /usr/local/etc/nginx/nginx.conf. Hata ukiamua kusakinisha OpenSSH (programu yenye hiyo sshd) nyingine kutoka kwenye vifurushi, faili lake linakwenda /usr/local/etc/ssh, haligusi la kwanza. Ukiona njia tu, unajua mwenye mali ni nani.

Lakini kilichoniteka ni rc.conf. Kuna /etc/defaults/rc.conf, faili refu lenye thamani za mwanzo za huduma za mfumo na maelezo kando yake, na juu kabisa limeandikwa onyo kwamba usilihariri. Wewe unaandika kwenye /etc/rc.conf yale tu unayotaka yawe tofauti. Langu lina mistari 14. Seva nzima, jina lake, anwani yake ya mtandao, huduma zinazowaka ikiamka, vyote mistari 14! Na si lazima ulifungue: sysrc nginx_enable=YES inaandika mstari na kukuonyesha thamani ya zamani na mpya kwa pamoja, na sysrc -a inakupa orodha ya yote uliyobadilisha. Nakala ya orodha hiyo naihifadhi kila mwisho wa mwezi.

Kuna mahali kanuni inachepuka, na mgeni aambiwe mapema. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, inaweka postgresql.conf pamoja na data, chini ya /var/db/postgres, hivyo ni bora uiulize yenyewe ndani ya psql, programu yake ya kuandikia amri: SHOW config_file; Ratiba za watumiaji za cron (huduma ya kuendesha kazi kwa saa zilizopangwa) ziko /var/cron/tabs. PHP ikisakinishwa haikupi php.ini iliyo tayari. Inakuachia mifano miwili, na unatakiwa unakili php.ini-production kuwa /usr/local/etc/php.ini. Nayo locate, amri ya kutafuta mafaili, hujengewa orodha yake mara moja kwa wiki, Jumamosi alfajiri, kwa hiyo seva ikiwa imezimwa saa hiyo utatafuta faili lililopo na kuambiwa halipo. Siku hizi naanza na pkg info -l na jina la kifurushi, inanitajia kila faili lililokuja nacho. Kwa nginx natumia nginx -T, inamwaga mipangilio yote pamoja na majina ya mafaili iliyoyasoma. Programu ikiwa bubu kabisa, naiendesha chini ya truss, amri inayoonyesha programu inaomba nini kwa mfumo, na kuangalia inafungua nini.

Kwa kompyuta mpakato sijahama. Wifi ya kwangu inafanya kazi vizuri zaidi kwenye Linux, na sina haja ya kulazimisha. Kwa seva sirudi. php.ini sasa ni moja, inasomwa na tamino na tovuti kwa pamoja, na risiti zinapita.

Mwezi uliopita nilimpa kijana anayenisaidia ruhusa ya kuingia kwenye seva. Akauliza, “Kaka, mipangilio ya nginx iko wapi?” Nikamwambia asome man hier kwanza. Kabla sijamaliza chai alikuwa ameshalifungua faili, akiuliza mstari wa client_max_body_size, ule wa kikomo cha upakiaji, niliuweka kwa nini.