Shule ndogo ya Kikatoliki, mkondo mmoja kila darasa: maoni ya mzazi asiye Mkatoliki

Kwa wenye haraka: nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya cheti kimoja, na cheti hicho nitakieleza.

Nina watoto wawili pale. Wa kiume yuko darasa la tano, dada yake la pili. Nyumbani sisi si Wakatoliki. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, nafanya kazi kwa zamu, kwa hiyo shule naiona saa ambazo wazazi wengi hawaioni. Nikitoka zamu ya usiku nawafikisha mapema mno, nakaa kwenye benchi la nje kusubiri kengele, na si mara moja Sista, mwalimu mkuu, amenikuta nimesinzia. "Mama, nenda ukalale. Hawa tunao."

Wazazi wanaosifia shule ndogo husema mtoto anajulikana. Ni kweli. Walimu wanajua nani ni mdogo wa nani, nani hali asubuhi, nani anaogopa radi. Lakini kujulikana kuna upande wake mwingine ambao hakuna aliyenitajia nilipokuwa naandikisha. Mwanangu ana kigugumizi. Mwaka jana mtoto mmoja alimbandika jina la utani, la kuigiza anavyokwama, na mapumziko hayakuisha kabla jina halijaenea shule nzima. Shule kubwa ningeomba ahamishiwe mkondo mwingine. Hapa mkondo mwingine haupo. Aliyekuudhi leo utasoma naye hadi darasa la mwisho, na utacheza naye mpira huohuo mmoja.

Walivyolishughulikia ndiko kulikonifanya niandike. Hakuna aliyesimamishwa mstarini mbele ya wenzake. Sista aliwaita waliohusika wachache wachache, siku hiyohiyo akawapigia simu wazazi wa pande zote mbili, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akabadilisha zamu za walimu wakati wa mapumziko. Zamani mwalimu wa zamu alikaa kivulini na madaftari ya kusahihisha. Sasa wawili wako uwanjani, ndani ya mchezo wenyewe. Mmoja huzungusha kamba ya kuruka, mwingine ni golikipa, tena golikipa mbovu, na watoto wanampenda kwa hilo. Nilipouliza wamelitoa wapi wazo hilo, Sista alinitajia Yohane Bosco, padri wa Torino aliyefariki mwaka 1888. Yeye alitaka walezi wawe katikati ya vijana wanapocheza, wasikae pembeni kungoja kosa ndipo waadhibu. Mfumo wa kuzuia, unaosimama juu ya akili, dini na upendo. Kwa kazi yangu hilo halikuhitaji maelezo marefu, ni chanjo. Jina la utani halikufa siku moja. Lilichujuka, kwa sababu kila lilipotajwa palikuwa na mtu mzima hatua chache tu kutoka hapo.

Jambo la pili nadhani hata wao hawakulipanga. Kigugumizi hupungua sana, na mara nyingine hutoweka kwa muda, mtu anaposema maneno kwa pamoja na wenzake au anapoimba. Wataalamu wa usemi wanalijua hili siku nyingi. Sasa fikiria shule ambayo siku nzima watu wanasema kwa pamoja: sala ya asubuhi, Malaika wa Bwana saa sita mchana, sala kabla ya kula, na Oktoba nzima tendo moja la rozari kila asubuhi, yaani Salamu Maria kumi mfululizo. Mwanangu anazisema zote bila kukwama. (Mama mkwe wangu ana mengi ya kusema kuhusu mjukuu wake kujua rozari. Namwacha aseme.) Mwalimu wake wa darasa aliliona hilo. Ilipokaribia Misa ya shule alimuuliza kama angependa kusoma ombi moja katika maombi ya waamini, pamoja na rafiki yake, sauti mbili kwa wakati mmoja. Akakataa. Hakuna aliyembembeleza wala kumwambia ajikaze kiume. Misa iliyofuata aliulizwa tena, akakubali, akasoma. Mtu asije akaondoka hapa akidhani rozari ni tiba ya kigugumizi, bado tunaenda kwa mtaalamu wa usemi kama kawaida. Anachokipata shuleni ni kusikia sauti yake mwenyewe ikitiririka mbele za watu, kila siku, bila mtu kugeuza shingo.

Shughuli kubwa za muhula zilikuwa nyingi, pengine nyingi kupita kiasi. Septemba waliadhimisha kutangazwa mtakatifu kwa Carlo Acutis, tarehe 7, yule kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na ambaye alitengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi. Walichokishika watoto ni kwamba mtakatifu alicheza michezo ya video, na kwamba inasimuliwa alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Hiyo saa moja nimeitumia nyumbani bila aibu. Tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Fransisko wa Asizi, ilikuwa baraka ya wanyama: vurugu tupu, maji ya baraka na kubweka, na sijawaona watoto wakicheka vile. Siku ya michezo ilikuwa siku ya michezo. Visanduku vya Utoto Mtakatifu vilizungushwa pia. Ni shirika la watoto kusaidia watoto, lililoanzishwa mwaka 1843 na Charles de Forbin-Janson, askofu wa Nancy, Ufaransa, na nilishukuru kwamba hakuna aliyetangaza mtoto gani katia kiasi gani.

Kulikuwa pia na wiki ya ustawi wa mwanafunzi. Mabango ya nyuso zinazocheka na kulia, mgeni mwalikwa akizungumza kuhusu hisia na shule nzima imekaa ukumbini. Binti yangu alirudi na kibandiko cha uso wa furaha, na hakukumbuka kingine chochote.

Halafu Novemba ikaja, bila bango wala mgeni. Kwa Wakatoliki mwezi huo ni wa kuwaombea marehemu, na tarehe 2 ni siku yao wote. Kila darasa liliwekewa daftari kwenye meza ndogo mbele, na anayetaka anaandika jina la mtu wake. Baba yangu alikuwa amefariki miezi michache kabla, na binti yangu alikuwa hajasema neno juu yake tangu mazishi. Aliandika jina la babu. Kesho yake akaliandika tena. Mwalimu aliniambia liliendelea hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, na hakumzuia. Mtoto mwingine aliandika jina la paka wake, nalo likaachwa palepale kati ya mabibi na mababu. Wodini naona jinsi watu wazima wanavyowaambia watoto kwamba marehemu amelala au amesafiri, kisha mtoto anaanza kuogopa kulala, au anakesha dirishani. Mwalimu huyu aliwaambia wazi kwamba mtu akifa mwili wake unaacha kufanya kazi na haurudi, na kwamba imani yao ni kwamba yuko mikononi mwa Mungu. Wiki hiyo maswali yakaanza nyumbani, wakati wa kuoga, wakati wa kufunga viatu: babu aliumwa sana? Aliogopa? Nilikuwa nikimsubiri aulize.

Suala la Komunio ya kwanza wanalimudu nusu. Tangu agizo la Papa Pius X la mwaka 1910, Wakatoliki huanza Komunio katika umri wa kutambua mambo, miaka 7 hivi, kwa hiyo ni wenzake hasa binti yangu wanaoandaliwa sasa. Wakati wa Misa yeye huenda mbele amekunja mikono kifuani na Padri humpa baraka, hilo halina shida. Shida ni zile saa za mafundisho ya Komunio. Wanaobaki darasani ni wachache, wanapewa karatasi za kupaka rangi, wiki baada ya wiki. Wangepewa kazi ya maana. Nimelisema, Sista amelikubali, rangi zinaendelea.

Sasa cheti. Mwisho wa muhula hutolewa cheti na medali kwa kila mtoto ambaye hakukosa hata siku moja. Najua nia yao. Lakini kwenye mazoezi ya igizo la Noeli mtoto mmoja alitapika jukwaani, na ikajulikana alikuwa na homa tangu alfajiri, akaificha kwa sababu medali ilikuwa imebakiza siku chache. Waliokuwa wamevaa mbawa za malaika pamoja naye waliugua mmoja baada ya mwingine. Na mtoto mwenye selimundu, au mwenye pumu, ambaye kulazwa si hiari yake, hukaa ukumbini kila muhula akiwapigia makofi wenzake kwa kuzaliwa na afya. Shule iliyojua kutombembeleza mwanangu asome inajua pia kwamba hili si sawa. Nimeandika barua, nikajibiwa kwa upole kwamba litajadiliwa. Sherehe iliyofuata medali zilikuwepo.

Kama unafikiria kumpeleka mtoto pale, uliza mambo haya kabla ya kulipa chochote. Hakuna muuguzi wa shule. Kuna sanduku la huduma ya kwanza na mwalimu mmoja aliyefunzwa, na siku asipokuwepo sanduku hufunguliwa na yeyote aliye karibu. Mtoto wa pumu akae na inhela yake mkobani, isifungiwe ofisini, na hilo waandikie kwenye karatasi wasaini. Ukiwa na mtoto mwenye kelele na nguvu nyingi, uwanja ni mdogo na darasa la kwanza hadi la mwisho hucheza kwa wakati mmoja. Kwa mtoto mkimya, au mwenye jambo linalomfanya aogope kufungua mdomo, nenda siku ya kawaida wakati wa mapumziko, usiende siku ya sherehe, na umtafute golikipa.